Lugha ya chuki michezoni: utani unaishia wapi?

Shabiki akiandika kwamba kocha amepanga kikosi vibaya, au kwamba mshambuliaji fulani hana kiwango cha kuvaa jezi ile, anakosoa. Anaweza kukosoa kwa ukali, na ni haki yake. Watu wa Simba wakiwaita wa Yanga utopolo, nao wakarudishiwa makolo, huo ni utani wa jadi, na wiki ya dabi ingepooza bila huo.

Lugha ya chuki ni maneno, picha au emoji zinazomshambulia mtu kwa jinsi alivyo: rangi ya ngozi, kabila, dini, taifa, jinsia au ulemavu wake. Ukali wa neno hauamui chochote hapa. Mtu anaweza kuandika kwa upole kabisa, bila tusi hata moja, kwamba mchezaji fulani "arudi kwao", na hiyo ikawa chuki kamili. Unyanyasaji wa mtandaoni ni dhana pana zaidi. Ndani yake kuna vitisho vya kuua, matusi kwa wazazi wa mchezaji, na kumwandama mtu inboksi siku baada ya siku. Lugha ya chuki ni tawi lake moja.

Tofauti ya ukosoaji na chuki ilionekana wazi Julai 11, 2021, pale Wembley, katika fainali ya Euro 2020 iliyokuwa imesogezwa mwaka mzima kwa sababu ya korona. England na Italia zilitoka 1-1, kisha Italia ikashinda kwa penalti 3-2. Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, wachezaji weusi wa England, walikosa. Saka alikuwa na miaka 19. Muda si mrefu kurasa zao zilijaa emoji za nyani na matusi ya rangi. Mwaka uliofuata, Harry Kane, ambaye ni mzungu, alipaisha penalti dhidi ya Ufaransa kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia na England ikatolewa. Kane naye alilaumiwa, lakini lawama zilihusu mguu wake. Kosa ni lile lile la penalti. Vijana wale watatu walihukumiwa kwa ngozi zao.

Wengi huamini kwamba haya ni mambo ya akaunti feki. Twitter ilipochunguza akaunti ilizozifungia baada ya fainali ile, ilisema asilimia 99 ya wenye akaunti hizo walikuwa wanatambulika. Kwa hiyo kudai vitambulisho peke yake hakutamaliza tatizo. Mtu anayetukana kwa jina lake anaamini hakuna atakayemfuata.

Wanawake hubeba mzigo mkubwa zaidi. Shirikisho la Riadha la Dunia lilipochunguza Twitter wakati wa Olimpiki ya Tokyo, lilibaini ujumbe 132 wa unyanyasaji. 115 ulielekezwa kwa wanariadha wa kike. Halafu kuna kamari, jambo linalotuhusu sana huku kwetu. Takwimu za tenisi za mwaka 2024 zilionyesha kwamba takriban asilimia 40 ya unyanyasaji ulitoka kwa wacheza kamari wenye hasira. Mkeka umechanika, mtu anafungua simu na kumtishia binti aliyepoteza seti. Binti yule hakuwahi kumwomba aweke hela yake.

Kupambana na hali hii kunaanza na kuchuja. Tangu Kombe la Dunia la 2022, FIFA na FIFPRO, chama cha wachezaji wa kulipwa duniani, wana huduma inayokagua maoni kwenye kurasa za wachezaji na kuyaficha yale ya chuki kabla mhusika hajayaona. Ni kinga nzuri, ila mashine huijua lugha iliyofundishwa. Kejeli za kikabila zilizofichwa ndani ya methali au lugha ya mtaani zinahitaji jicho la mtu anayeijua lugha hiyo, na naona klabu zetu zingeanzia hapo.

Baada ya kuchuja, sheria. Uingereza iliruhusu mwaka 2022 mahakama kumfungia nje ya viwanja, hadi miaka 10, mtu aliyetoa matusi ya kibaguzi mtandaoni yanayohusu mpira. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayogusa matusi ya kibaguzi na uonevu wa mtandaoni. Kenya ina Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 dhidi ya uchochezi wa kikabila.

Sheria hizo zote hutaka ushahidi. Aliyetukanwa asikimbilie kufuta. Kwanza apige picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, anakili kiungo cha ujumbe, ndipo aripoti na kuizuia akaunti hiyo. Na shabiki anayemtetea asiusambaze ujumbe ule, hata kama nia yake ni kuulaani, kwa sababu kila anayeusambaza anaupelekea wasomaji wapya.