Mhusika Akifa, Mchezaji Afanye Nini?

Katika miaka yangu ya kusimamia Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambapo kila mchezaji huigiza mhusika wake na msimamizi husimulia yanayowakuta, sijaona mchezaji akilia mhusika wake anapokufa. Ninachokiona ni simu kutoka mfukoni. Wenzake bado wanapambana na joka, yeye hana zamu, anaperuzi tu. Kifo chenyewe hakinisumbui. Kinachonisumbua ni mtu kukaa bure saa mbili.

Kanuni za toleo la 2014 humpa mhusika upenyo. Uhai ukifika sifuri, kila zamu yake hurusha dadu ya pande 20: 10 kwenda juu amefaulu, chini ya hapo amekosa. Akifaulu mara tatu hali yake inatulia. Akikosa mara tatu amekwenda. Mezani kwangu dadu hizo hurushwa chini ya kikombe, tunaona mimi na mwenye mhusika tu. Tangu nianze hivyo, hakuna anayesema "mwacheni, bado ana zamu mbili." Wote humkimbilia majeruhi.

Akishakufa kuna uganga wa Revivify: ndani ya dakika moja, kwa almasi za thamani ya sarafu 300 za dhahabu, anaamka. Kwa kundi lenye fedha, kifo kinageuka bili. Bei hiyo ya almasi huwa siigusi, ila namuuliza aliyefufuka: huko ulikotoka umeacha nini? Mmoja alijibu, "Sura ya mama yangu." Vikao vitatu baadaye nikamweka mama huyo sokoni, anauza samaki. Mwanawe akamuuliza bei, akalipa, akapita. Meza nzima kimya.

Michezo mingine ya aina hii imelitatua jambo hili kwa njia zake. Paranoia ya 1984 inampa kila mhusika nakala sita, ukifa inaletwa inayofuata. Blades in the Dark ya 2017 inakuruhusu kuendelea ukiwa mzimu. (Traveller ya 1977 ndiyo kiboko: unaweza kufa ukiwa bado unamuumba mhusika.)

Na yule mwenye simu? Siku hizi namkabidhi joka. Namsogezea karatasi yenye uhai wake na mashambulizi yake, nasema, "Sasa wewe ndiye uliyekuua." Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilitarajia awaonee huruma wenzake. Alianza na yule aliyechelewa kumtibu.