M16 haikukwama Vietnam kwa sababu ya gesi tu

Wengi husema bunduki zinazopeleka gesi ya baruti iliyoungua moja kwa moja kwenye mtambo wa kupakia risasi, kama M16 ya Marekani, hazitegemeki, na ushahidi wao ni jinsi M16 ilivyokwama katika vita vya Vietnam. Si kweli. Jeshi la Marekani lilibadilisha baruti bila kuirekebisha bunduki. Hiyo mpya iliacha masizi zaidi na kuuendesha mtambo kasi mno. Chemba, yaani sehemu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, haikuwa na kromu ya kuzuia kutu, ikashika kutu kwenye unyevu, na ganda la risasi iliyofyatuliwa likang'ang'ania humo. Askari wengi hawakupewa hata vifaa vya kusafishia. Wenye ufito wa kusafishia waliusukuma kupitia mdomo wa mtutu kulitoa ganda, huku wakishambuliwa! Mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani ililaumu jeshi, si askari. Chemba ilipopakwa kromu na usafi kufundishwa, kukwama kulipungua sana, na mfumo wa gesi ni uleule.