Kadi ya picha hairekodi sauti

Vijana wengi wa Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, wanaotaka kufungua studio chumbani huambiwa kwamba bila kompyuta ya gemu, yenye kadi kubwa ya picha, hawatarekodi kitu. Si kweli. Inauma kuona mtu akimaliza akiba yake kwenye kifaa ambacho karibu hakigusi wimbo wake.

Kazi ya kadi ya picha ni kuchora yanayoonekana kwenye skrini. Mwangwi, efekti za sauti na vinanda vya ndani ya programu hupigwa hesabu na prosesa, ubongo wa kompyuta. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya GB 8 inatosha kuanzia, ingawa 16 ni raha zaidi. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka.

Kinachosahaulika ni saundi kadi ya nje, ile ya USB unayochomeka maiki. Ndiyo inayogeuza sauti kuwa namba, kwa kawaida mara 44,100 kila sekunde; kila namba huitwa sampuli. Mwimbaji akilalamika kwamba anajisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni, usikimbilie kununua kompyuta nyingine. Fungua mpangilio wa bafa, yaani idadi ya sampuli ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzishughulikia. Bafa ya sampuli 512 peke yake huchelewesha karibu milisekunde 12, ya 128 karibu 3. Sauti ikianza kukatikakatika, prosesa imezidiwa: pandisha bafa kidogo. Wakati wa kumiksi ipandishe utakavyo, maana hakuna anayeimba.

Na kadi kubwa huja na feni zake. Katika chumba kidogo, mvumo huo unaingia moja kwa moja kwenye maiki. Laptopu ya mtumba yenye prosesa nzuri hunyamaza zaidi, na umeme ukikatika katikati ya ubeti, betri inaokoa kazi.