Je, wajua ni hati za mashamba zilizofichua asili ya ukoo wa Abraham Lincoln?

Desemba 1859, rafiki yake mmoja alimwomba Abraham Lincoln aandike maisha yake kwa ufupi, kwa kuwa jina lake lilikwisha kuanza kutajwa kwenye mbio za urais wa Marekani. Kuhusu ukoo wake hakuwa na mengi ya kusema. Aliandika kwamba babu yake, naye akiitwa Abraham, alihama Virginia kwenda Kentucky mwaka 1781 au 1782 hivi, na kwamba wazee wa nyuma yake walitokea kaunti ya Berks huko Pennsylvania. Juhudi za kuwaunganisha na akina Lincoln wa New England, eneo la kaskazini-mashariki lenye Massachusetts, alisema, hazikuzaa kitu zaidi ya kufanana kwa majina: Enoch, Levi, Mordecai, Solomon, Abraham.

Leo ukoo huo unajulikana kizazi kwa kizazi, hadi kwenye kanisa la Hingham, Norfolk, nchini Uingereza, alikobatizwa mtoto Samuel Lincoln mwaka 1622. Kuanzia Samuel hadi rais ni vizazi saba, vilivyopita katika majimbo saba ya leo. Walikuwa walowezi wa kawaida, wahunzi na wakulima, wanaopakia mizigo na kusonga magharibi kila ardhi ilipobana. Rais mwenyewe hakujua walikotoka kabla ya Pennsylvania. Watafiti walijuaje?

Jibu ni kwamba mtu huhama lakini shamba halihami. Anayeondoka lazima auze, au aache urithi, au adaiwe kodi, na kila moja ya hayo huandikwa kwa karani. Hati ya mauzo mara nyingi hutaja muuzaji anaishi wapi sasa na ardhi aliipata kwa nani. Karatasi ya namna hiyo inagusa makazi mawili kwa wakati mmoja, ndiyo maana mtafiti wa nasaba huitafuta kabla ya kitu kingine, na huanzia mwisho akirudi nyuma.

Tuanze basi na Thomas, baba wa rais, aliyefariki Januari 1851 katika kaunti ya Coles, Illinois. Familia iliingia Illinois Machi 1830 ikitokea Indiana, na Indiana haisumbui. Ardhi kule ilikuwa ya serikali kuu, ikapimwa kwa miraba kabla haijauzwa, kila kipande na namba yake. Tarehe 15 Oktoba 1817 Thomas alikwenda ofisi ya ardhi ya Vincennes akaandikisha ekari 160, na kwa namba zake mtu anaweza kuliweka shamba lile kwenye ramani ya leo. Tahadhari ni moja tu: familia ilipofika mwishoni mwa 1816 eneo hilo lilikuwa kaunti ya Perry, kisha mwaka 1818 likamegwa na kuwa Spencer. Msomaji wa Tanzania ataelewa upesi. Anayetafuta jalada la zamani la mtu wa Songwe hataanzia Songwe, maana mkoa huo ulizaliwa 2016, ataanzia Mbeya. Historia ya mipaka husomwa kabla ya historia ya mtu.

Nyuma ya Indiana iko Kentucky, na hapo kazi ni ngumu. Ardhi haikupimwa na serikali kwanza. Kila mlowezi alijitafutia kipande, mpaka ukaandikwa kuanzia mwaloni fulani hadi jiwe fulani hadi ukingo wa kijito. Mwaloni ukianguka, mpaka umekufa. Mashamba yalipandiana, watu wawili watatu wakashika karatasi za ardhi ileile. Mwaka 1803 Thomas alinunua shamba la Mill Creek lililoandikwa ekari 238. Alipokuja kuliuza, liliuzwa kama ekari 200. Baadaye akashitakiwa ili aondolewe kwenye shamba la Knob Creek alikokuwa akiishi. Mwanawe alieleza mwaka 1860 kwamba waliihama Kentucky kwa kiasi fulani kwa sababu ya utumwa, lakini hasa kwa sababu ya ugumu wa hatimiliki. Kwa familia ilikuwa balaa, ila kwa mtafiti kesi kama hizo ni neema, maana mahakama huandika nani alikaa wapi, tangu lini, na aliinunua ardhi kwa nani.

Kentucky ndiko pia kulikopotea hati iliyouma kuliko zote. Wazazi wa Lincoln, Thomas na Nancy Hanks, walianza maisha ya ndoa Elizabethtown, kaunti ya Hardin. Cheti cha ndoa kilipotafutwa huko hakikuonekana, na wapinzani wakanong'ona kwamba Nancy hakuolewa kihalali. Lincoln aliuawa mwaka 1865 hati hiyo ikiwa bado haijapatikana. Ilikuja kuonekana mwaka 1878, katika masjala ya kaunti ya Washington iliyo jirani: hati ya dhamana ya ndoa ya tarehe 10 Juni 1806, yenye saini ya Thomas, pamoja na taarifa ya mchungaji Jesse Head kwamba aliwafungisha ndoa tarehe 12. Haikuwahi kufichwa na mtu. Bibi harusi alikuwa akikaa kaunti ya Washington, na desturi ilikuwa ndoa iandikishwe kwao bibi harusi. Wote waliotafuta kwa bwana harusi walitafuta mahali isipokuwapo. Naona uchungu kwamba mtu aliyesomea sheria, aliyejua thamani ya karatasi, alikufa bila kuiona karatasi ya mama yake.

Kabla ya Thomas yuko baba yake, Abraham mkubwa. Kibali cha ardhi cha Kentucky cha mwaka 1780, ekari 400, kiko kwa jina la Abraham Linkhorn. Karani aliandika alivyosikia. Anayetafuta kwa tahajia moja tu atampita mtu wake mbele ya macho, kwa hiyo watafiti husoma jina kwa sauti na kujiuliza lingeandikwaje na mtu asiyelijua. Kumbukumbu za familia nazo hupimwa kwa karatasi: rais alidhani babu yake aliuawa mwaka mmoja au miwili baada ya kufika, ilhali ushahidi unaelekeza mwaka 1786. Aliuawa shambani na wenyeji wa asili, ambao nchi yao ilikuwa ikichukuliwa, huku Thomas wa miaka minane akishuhudia. Kwa sheria ya wakati ule ardhi yote ilikwenda kwa kifunguamimba, Mordecai. Thomas akakua bila kitu, na hapo ndipo tunapoelewa kwa nini alihangaika kutoka shamba moja hadi jingine.

Huko Virginia, John, baba wa Abraham mkubwa, alikuwa amenunua ardhi Linville Creek mwaka 1768, na mwaka 1773 akawagawia sehemu wanawe Abraham na Isaac. Ndugu wa babu, waliobaki Virginia na waliokwenda Tennessee, walikuja kumiliki watumwa, na hapa kumbukumbu zinageuka katili. Sensa za Marekani kuanzia 1790 hadi 1840 zilitaja jina la mkuu wa kaya tu. Mke na watoto walikuwa tarakimu kwenye safu za umri. Mwaka 1850 kila mtu huru akaandikwa kwa jina. Watumwa, mwaka huo na 1860, waliwekwa kwenye orodha ya peke yake: umri, jinsia, rangi, jina la bwana, na wao kwa kawaida bila majina. Wengi wao wanaonekana kwa majina katika sensa kwa mara ya kwanza mwaka 1870. Nao walihamishwa magharibi pamoja na walowezi, safari zilezile, mito ileile. Kizazi chao leo kikitaka kuzifuata hulazimika kusoma wosia za mabwana, ambamo bibi yao hutajwa kati ya ng'ombe na samani.

Kutoka Virginia tunarudi Pennsylvania, na hapa wosia mmoja unafungua mlango. Mordecai, baba wa John, alifariki mwaka 1736 mahali panapoitwa leo kaunti ya Berks, kaunti ambayo haikuanzishwa hadi 1752. Wosia wake ulimwachia John ekari 300 zilizoko New Jersey. Mtu wa Pennsylvania ana shamba New Jersey kwa nini? Kwa sababu alikaa huko kwanza. John naye aliiuza ardhi hiyo mwaka 1748, na hati ikamtaja kuwa mwana wa Mordecai. Kutoka New Jersey njia inarudi Massachusetts, kwa baba aliyeitwa pia Mordecai, mhunzi wa Scituate, ambaye wanawe walikuwa Mordecai, Abraham, Isaac na Jacob. Majina yale ambayo rais aliyaona hayatoshi yalikuwa ushahidi wa kweli uliokosa hati za kuusimamisha.

Hatua ya mwisho ni Hingham ya Massachusetts, ambako mkanganyiko ni mkubwa kwa sababu palikuwa na akina Thomas Lincoln wanne kwa wakati mmoja. Majirani waliwatofautisha kwa kazi: Thomas mfumaji, Thomas msaga nafaka, Thomas mtengeneza mapipa, Thomas mkulima, na makarani wakaandika hivyohivyo. Samuel, baba wa Mordecai mhunzi, alikuwa ndugu wa Thomas mfumaji. Yeye anaonekana kwenye orodha ya abiria ya 1637 kama mtumishi wa Francis Lawes, mfumaji wa Norwich, kwa jina la Lincorne, umri miaka 18. Kwa kitabu cha ubatizo alipaswa kuwa na miaka 15 hivi. Umri peke yake ungetosha kumkataa. Lakini ufumaji, Norwich iliyo karibu na Hingham ya Uingereza, na ndugu aliyemtangulia ng'ambo vinaelekea upande mmoja, ndiyo maana watafiti wamemkubali Samuel huyo kuwa ndiye, na umri ule wa miaka 18 wakauacha ulivyo kwenye orodha.