Gari used Bongo: usinunue namba, nunua gari

Kazi yangu ni kukagua magari ya watu hapa Dar kabla hawajatoa hela, na swali la kwanza nnaloulizwa siku zote sio injini wala gearbox, ni "fundi, hiyo ni namba gani?" Namba E, yani zile herufi tatu za mwisho kwenye kibao zinaanza na E, ndo habari ya mjini, D inafuatia, ukitaja C mtu anakunja sura. Sasa ile herufi inakwambia gari imesajiliwa lini Tanzania, haikwambii imetengenezwa lini. Unaweza kukuta IST mbili zote za 2004, moja ilikuja mapema ikapata namba C, nyingine ikabaki Japani miaka kibao ndo ikaletwa ikapata E, na bei zao zimepishana mamilioni. Ni kweli ile ya E haijala sana mashimo yetu, hilo lina thamani yake sikatai, ila kama ya C ilikuwa ya mtu anayemwaga oili kwa wakati mi nachukua C. Mwaka wa kutengenezwa upo kwenye kadi ya usajili wa gari, isome.

Nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti lina moto, jiulize kwanini. Moshi wa bluu maana yake inakula oili, moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto mara nyingi ni maji yanaingia kwenye silinda. Fungua mfuniko wa oili, ukikuta utando kama chai ya maziwa aga uondoke. Kanyaga breki tia gia ya D, kisha R, ikichelewa kushika au ikipiga mshtuko gearbox hiyo ina lake jambo.

Kilomita za dashibodi wala usizitolee macho, zinarudishwa. Gari inasoma elfu 70 halafu raba ya pedeli ya breki imelika mpaka chuma? Na vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, ukiona mstari wa tope kule ndani basi hiyo ililala kwenye mafuriko na nyaya zake zitakutesa, achana nayo hata wakupe nusu bei.

Kwenye bei watu wengi wanakosea, wanasema tu "bosi punguza kidogo". Mi naandika kila ubovu, napiga simu Gerezani Kariakoo naulizia spea, ndo narudi mezani. Tuseme anataka milioni 9 na nusu, shokapu za mbele zimekufa, tairi ubavuni zimeandikwa DOT na mwisho 2317, yani wiki ya 23 ya 2017, ngumu kama ubao, hapo unamwonyesha hesabu na hana pa kukimbilia. Dalali atakwambia kuna mtu anakuja jioni na keshi, mwache aje. Tena omba kuonana na mwenye jina kwenye kadi, cha juu cha dalali huwa kinapungua chenyewe mkishakaa watatu.

Kadi iwe orijino, sio kopi, maana ukiambiwa "orijino ipo benki" gari hiyo ina mkopo. Linganisha chesesi namba ya kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bodi, cheki deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, andikishaneni kwa mwanasheria, na transfer ya umiliki kule TRA, mamlaka ya mapato, anza kuifuatilia siku hiyohiyo wakati muuzaji bado anapokea simu zako.