Sanamu ya shaba haichongwi

Ukifika Nairobi, pale Kimathi Street inapokutana na Mama Ngina Street, utamkuta Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, amesimama juu ya msingi wake, bunduki mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Uliza nani alimtengeneza na utaambiwa ni mchongaji. Jina lake ni Kevin Oduor, na sanamu ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe. Kasoro iko kwenye hilo neno "mchongaji".

Kuchonga ni kupunguza. Mchonga vinyago huanza na gogo, akaondoa kisichotakiwa mpaka umbo libaki. Sanamu ya shaba haipatikani hivyo. Madini huyeyushwa, yakamiminwa kwenye kalibu, yaani chombo chenye uwazi wa umbo linalotakiwa, yakagandia humo. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo, kusubu, ingawa mtaani hukisikii. Fundi wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi, anayegonga karai kutwa nzima hasubu. Yeye anafua bamba.

Jina shaba nalo limebebeshwa mzigo. Tunaliita shaba lile la nyaya za umeme, na tunaliita shaba hili la sanamu, ambalo kwa kweli ni mchanganyiko: takriban sehemu tisa za shaba tupu kwa sehemu moja ya bati. (Bati hili si la kuezekea. Mabati ya nyumba zetu ni chuma kilichovikwa zinki.) Shaba tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, ikitiwa bati hulegea karibu na 950, hutiririka vizuri hadi kwenye mikunjo ya nguo na kope za macho, na ikipoa huwa ngumu zaidi.

Kabla ya moto kuna udongo. Msanii hufinyanga mtu mzima juu ya kiunzi cha chuma, kisha udongo ule huvikwa mpira laini na plasta ili kupata kalibu. Ndani ya kalibu hupakwa nta, unene wa milimita chache tu. Nta ikitolewa unapata mtu wa nta mwenye uwazi ndani, kwa kawaida vipande vipande: kichwa peke yake, mikono, kiwiliwili. Kila kipande hubandikwa vijiti vya nta vitakavyokuwa njia za kuingiza madini na kutoa hewa, kisha huchovywa kwenye uji wa mchanga laini, kikaushwe, kichovywe tena, mara nyingi, mpaka kiwe na gamba gumu. Kikiingia tanuri, nta huyeyuka na kutoka. Pale ilipokuwa nta, sasa pana nafasi, na shaba huijaza nafasi hiyo.

Gamba huvunjwa kwa nyundo, vipande huunganishwa kwa kuchomelea, na mishono husuguliwa isionekane. Ile rangi ya kahawia iliyokolea, au ya kijani, haipakwi kama rangi ya ukuta: fundi hupasha uso wa shaba kwa moto na kuutia kemikali mpaka ubadilike, kisha huufunika kwa nta.

Kwa hiyo shujaa wetu ni mtupu ndani. Si dharau, angejazwa shaba mpaka ndani angekuwa na uzito wa kutisha, na sehemu nene zingepoa polepole kuliko nyembamba, apasuke.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba ubishi wote huamuliwa kwenye udongo. Picha ya Kimathi inayojulikana sana inamwonyesha amelala, amefungwa pingu. Anayetaka kumsimamisha lazima aamue mwenyewe mabega yake yalikaaje. Mpiganaji angalau ana bunduki ya kushika. Mjenzi wa mji ashike nini?

Mfikirie Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, aliyepeleka vibarua kwenye ujenzi wa reli, akaanzisha gazeti la African Standard mwaka 1902, akajenga majengo mengi ya Nairobi ilipokuwa bado ni kambi ya mabati na matope. Bustani inayoitwa kwa jina lake aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906, na sanamu aliyoigharamia humo ilikuwa ya Malkia Victoria, si yake. Ukimsubu leo kwa umbo zima, mkononi umpe ramani? Kalamu? Umvalishe mavazi ya mfanyabiashara, au ya mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alikoingia akiwa wa kwanza asiye Mzungu? Kila jibu linamfanya kuwa mtu mwingine. Mimi ningemwacha mikono mitupu, nikamgeuza atazame ile bustani. Lakini hilo ni langu.

Lord Delamere naye alisimamishwa kwa shaba kwenye barabara iliyoitwa kwa jina lake, kama mwenye maono wa walowezi. Uhuru ulipofika barabara ikawa Kenyatta Avenue, naye akahamishiwa kwenye shamba la familia huko Soysambu. Shaba yenyewe haikuguswa. Alichopoteza ni mahali pa kusimama.

Udongo ukiwa bado mbichi, kuushusha mkono ulioinuliwa ni kazi ya alasiri moja. Baada ya kusubu, mkono huohuo unataka msumeno, tanuri na moto wa kuchomelea. Nairobi, wengi wetu huja kutoa maoni pazia likishavutwa.