Tabora hadi Kigoma kwa baiskeli ya umeme: piga hesabu ya soketi kwanza

Wanaoniletea baiskeli za umeme hapa Tabora wamezoea kuniuliza, "Fundi, hii itanifikisha Kigoma?" Nami huwauliza: utachaji wapi?

Kile kikaratasi kinachokuja na baiskeli, kilichoandikwa kilomita 80 au 100 kwa chaji moja, kiweke pembeni. Namba ya namna hiyo hupatikana kwa mtu mwepesi, barabara tambarare, bila mzigo, mota ikisukuma kidogo tu. Soma ubavuni mwa betri, utakuta volti na ampea-saa. Zidisha. Betri ya volti 48 na ampea-saa 15 ina wati-saa 720. Ya volti 36 na ampea-saa 13 ina wati-saa 468. Huo ndio mfuko wako wa nauli, na kilichobaki ni kujua kila kilomita inakula kiasi gani.

Hilo hakuna wa kukujibia, lipime mwenyewe. Funga mzigo wote wa safari, maji yakiwemo, uende na kurudi kwa barabara ileile ili upepo na miteremko vifidiane. Skrini nyingi zinaonyesha matumizi. Kama yako haionyeshi, nunua mita ndogo ya kuchomeka ukutani, uone chaja imevuta kiasi gani betri ilipojazwa tena. Mita hiyo itasoma juu kidogo, maana chaja nayo hupoteza umeme kwa joto. Mtu anayekanyaga kweli, mota ikiwa ngazi ya kwanza, ile ya kusukuma kidogo kabisa, hutumia wati-saa 7 hivi kwa kilomita. Mwenye mzigo anayepandisha ngazi hufika 12. Anayezungusha kishikio tu, miguu imetulia kama abiria wa bodaboda, anaweza kupita 20.

Sasa tuichukue barabara yenyewe. Tabora hadi Ndono ni kilomita 42, na Ndono hadi Urambo nyingine 52 hivi. Kwa wati-saa 12, betri ya 720 inakufikisha Ndono imebaki na 216. Urambo inadai 624. Kwa hiyo utakaa Ndono uchaji, na hapo ndipo wengi hawapigi hesabu ya muda. Chaja ya kawaida ya ampea 2 huingiza karibu wati-saa 100 kwa saa, yaani kilomita nane kwa kila saa unayokaa umesubiri. Kujaza upya hapo ni saa tano na zaidi, kwa sababu betri ikikaribia kujaa hupokea polepole. Umetoka Tabora saa kumi na mbili alfajiri, ukaingia Ndono kabla ya saa tatu, utaondoka mchana jua likiwa kali.

Lakini shusha msaada wa mota hadi ngazi ya kwanza, ukanyage, uende kilomita 18 kwa saa. Kilomita 94 mara 7 ni 658. Unafika Urambo bila kuchaji, ukiwa na akiba ndogo ya kutosha kutafutia pa kulala. Anayetaka kununua betri ya pili huwa namwambia ajaribu hili kwanza. Ukikimbia 30 badala ya 20, ukinzani wa hewa unazidi mara mbili, na betri ndiyo inayolipa.

Baada ya Kaliua vijiji vinaachana na pori linaongezeka, kwa hiyo kabla ya kutoka pale betri iwe imejaa kabisa, na uwe umeshauliza watu wa njia hiyo kuhusu umeme wa mbele, Nguruka na kwingineko. Usitegemee vibanda vya kuchajia simu kwa sola. Paneli ya wati 100 ambayo tayari inalisha simu za kijiji haiwezi kujaza betri ya 720 kwa mchana mmoja, na chaja yako inahitaji inveta. Mwenye umeme wa Luku ndiye wa kumwendea. Msalimie vizuri, "Shikamoo mama, naomba kuchaji betri ya baiskeli, nitalipia," halafu mweleze kwamba betri nzima haifiki hata uniti moja. Watu huogopa wakiona dude kubwa kiasi kile, wakidhani litamaliza Luku yao. Nawe usiiache ikichajiwa chumbani unamolala, wala usiichomeke ikiwa bado ya moto kutoka juani.

Kuna wanaoamini kwamba mteremko wa kuelekea ziwani utawajazia betri. Ni kweli Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Tanganyika liko chini ya mita 800, ila katikati kuna vilima, na mota nyingi za gurudumu zenye gia ndani hazirudishi umeme hata kidogo. Mteremko utakupumzisha miguu, basi.

Magurudumu sasa. Spoki za gurudumu la mota ni nene na fupi, za Phoenix hazitaingia, kwa hiyo beba zako chache zilizopimwa. Beba spana ya nati za ekseli ya nyuma (nyingi ni namba 18), viraka, solusheni, tyubu mbili na pampu. Jifunze nyumbani kuchomoa waya wa mota na kulitoa gurudumu, ukikariri washa ipi inakaa upande upi, kwa sababu mbigili haichagui mahali pa kukutoboa. Pedi za breki weka mpya. Baiskeli hizi ni nzito. Mvua za Novemba hadi Aprili ningeziepuka, na mto usiuvukie kwa miguu ukiburuza mota majini.

Nguo ziwe za kaki. Mbung'o huvutwa na bluu, na weusi, na chochote kinachotembea.

Anayekuja kwa ndege ajue betri inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi ndani ya ndege ya abiria, kwa hiyo itangulie kwa barabara. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 inapita Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza, na ni njia nzuri ya kujiokoa mambo yakiharibika. Uliza tu stesheni mapema kama wanapokea baiskeli na betri yake.

Jaribio la mwisho nalifanya kwa kila mteja: mzigo wote umefungwa, mota imezimwa, kanyaga kilomita kumi. Ukishindwa, rudi tupunguze mizigo, ndipo tuzungumzie tarehe ya kuondoka.